Chagua Mtaa Kabla ya Chumba

Kila mwaka wa fedha unapoanza na barua za uhamisho kutoka, napokea swali lile lile kutoka Songea, Bukoba, Tabora na Kigoma: "Nahamia Dar, nipange wapi pa bei nafuu?" Mwulizaji ameshapata namba ya dalali, ameshatumiwa picha za chumba chenye vigae na dari la jipsamu, na anataka tu nimhakikishie kwamba laki moja kwa mwezi ni bei nzuri. Nami humjibu kwamba bei ya chumba haijulikani mpaka ujue miguu yako itakufikisha wapi kutoka mlangoni pake. Kazi yangu ni mipango miji, na hili nalisema bila kusitasita: kwa mtu wa kipato cha kawaida asiye na gari, chumba cha bei ya juu kidogo katika mitaa ya zamani iliyoshikana, kama Magomeni, Sinza, Mwananyamala, Ilala au Temeke, mara nyingi humgharimu kidogo kuliko nyumba kubwa ya bei ya chini huko pembezoni. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye mkataba wowote, ndiyo maana watu huijua wakiwa wameshalipa.

Tuanze na sababu ya watu kukosea. Kodi ya nyumba Dar es Salaam hulipwa kwa mkupuo, na desturi iliyozoeleka ni miezi sita, kwingine mwaka mzima. Fedha hiyo inauma, mtu anaihesabu, anaikopea, anaikumbuka. Nauli hutoka kwa vichele: mia sita asubuhi, buku la bodaboda, mia sita nyingine pale Mwenge. Hakuna anayezikusanya mwisho wa mwezi na kuziweka mezani kando ya kodi. Hivyo mgeni wa jiji hubana pale panapoonekana na kuvujisha pale pasipoonekana. Juu ya hapo yuko dalali. Dalali hulipwa nyumba ikipata mtu, kwa kawaida sawa na kodi ya mwezi mmoja; halipwi kwa sababu mpangaji ameridhika mwezi wa nne. Atakuonyesha nyumba saa sita mchana, jua kali, foleni imepungua, na atakupeleka kwa bajaji au pikipiki mpaka getini. Utaona vigae. Hutaona mwendo wa kutoka kituoni, kwa kuwa hukuutembea.

Chukua mfano wa namba za kawaida. Chumba na sebule huko ndani ya Mbezi kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, na chumba na sebule Sinza kwa shilingi 200,000, kazi ikiwa Posta. Wa Mbezi anapanda bodaboda ya shilingi 1,000 kufika barabarani, kisha magari mawili ya shilingi 600 kila moja: 2,200 kwenda, 2,200 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 114,400. Wa Sinza anatembea mpaka kituoni, anapanda gari moja kwenda na moja kurudi: 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi. Tofauti ya nauli peke yake ni 83,200. Mtu mmoja anayeishi peke yake bado ana 16,800 mkononi kwa kukaa Mbezi, na sitamficha hilo. Lakini wakiwa wawili wanaotoka kila siku, mume na mke, tofauti inakuwa 166,400 na ile laki moja aliyodhani ameiokoa imeshapita. Hapo sijaweka gari la shule la mtoto, wala siku za mvua ambazo buku la bodaboda huwa buku mbili. Sijaweka pia muda. Mtoto anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili gari la shule limkute tayari anailipa kodi ya nyumba ile kwa usingizi wake.

Kuna upande wa hesabu hii ambao wataalamu wenzangu huupita haraka, nao ni jikoni. Simama jioni kwenye njia yoyote ya Mwananyamala inayotoka barabarani kuingia ndani. Katika hatua chache utakuta genge lenye mafungu ya nyanya na bamia, kijana anayepima mafuta ya kula kwenye vichupa vidogo, mama anayeuza mkaa kwa kopo, sinia la samaki wa kukaanga limefunikwa kwa karatasi, fundi cherehani, duka la dawa, wakala wa pesa za simu, na Mangi aliyekaa nyuma ya nondo za duka lake mpaka saa nne usiku. Wote hao wapo kwa sababu moja: watu wengi wanapita mbele yao kwa miguu. Mauzo ya fungu la dagaa hayawezi kulipa pango pale ambapo wanapita watu kumi kwa saa. Penye msongamano wa wapita njia, muuzaji anaridhika na faida ndogo kwa kila mteja, na mnunuzi anaweza kununua kwa kipimo cha mfuko wake wa siku ile. Kule pembezoni kwenye nyumba zilizotawanyika na mapagale katikati, duka ni moja na bei anaipanga mwenyewe. Ukitaka ya sokoni, unaongeza nauli. Mtu wa mshahara mdogo anayeishi penye genge mlangoni anaishi vizuri zaidi kwa fedha ile ile, na hahitaji hata jokofu.

Mitaa hii haikutembeleka kwa bahati. Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, na ndiyo maana hadi leo mgeni anaweza kukata kona tatu na kurudi alipoanza bila kuuliza mtu. Ilala na Magomeni zilipangwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya Waafrika wa mjini: viwanja vidogo, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na uani nyuma, barabara fupi zinazokutana mara kwa mara. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilitokana na mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: serikali ilipima viwanja, ikaweka njia na mifereji, ikatenga nafasi za shule, soko na zahanati, kisha ikawaachia watu wajenge wenyewe kwa kadiri walivyojaliwa. Faida yake anaila mpangaji wa leo. Anayeumwa Sinza anakwenda hospitali ya Palestina kwa miguu. Tazama pia hospitali tatu za rufaa za mkoa zinazojulikana na kila mtu, Amana, Mwananyamala na Temeke: zote zimekaa ndani ya mitaa ya zamani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, kutoka 4,364,541 mwaka 2012, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda nje, Chanika, Kivule, Goba, Bunju, ambako nyumba zilitangulia na huduma zinafuata polepole.

Sasa nijibu yale ninayoambiwa kila ninapotoa ushauri huu.

La kwanza ni kwamba uswahilini hapakaliki, ni kelele na vibaka. Kelele zipo, sikatai, na mwenye mtoto mchanga au anayefanya kazi ya zamu ya usiku ana haki ya kuuliza baa na ukumbi wa sherehe uko umbali gani. Kuhusu vibaka, nawasihi watu wapime mtaa kwa mtaa badala ya kuhukumu kata nzima kwa jina lake. Njia yenye mama anayekaanga mihogo, duka lililo wazi na vijana wa kijiweni wanaomjua kila mpangaji ni salama zaidi saa mbili usiku kuliko barabara pana yenye kuta ndefu pande zote mbili na taa moja mwishoni. Masaki ni pazuri kwa mwenye gari na mlinzi. Mpishi na yaya wanaotoka huko jioni wakitembea kando ya kuta hizo kutafuta kituo watakueleza habari nyingine kabisa.

La pili ni kwamba ukikaa kando ya barabara kuu umekaa karibu na kila kitu. Umekaa karibu na upande mmoja wa kila kitu. Barabara ya Morogoro na ya Mandela zimekata mitaa vipande viwili. Soko lililo mbele ya macho yako upande wa pili linaweza kukugharimu mwendo mrefu wa kwenda kwenye kivuko cha waenda kwa miguu na kurudi, na ukiwa na mtoto mkononi na kapu kichwani utaanza kununua upande wako hata kama ni ghali. Ongeza vumbi, honi na hatari ya kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kuelekea Mbezi zilivunjwa ili kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na wapangaji waliokuwa wamelipa mbele walijikuta wakidaiana na wenye nyumba waliokuwa nao wamepoteza. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani, au hata alama yake iliyopakwa rangi juu, ondoka bila kuuliza bei. Umbali mzuri ni nyumba ya mtaa wa pili au wa tatu kutoka barabarani: gari unalifikia kwa dakika tano hadi kumi, na usiku unalala.

La tatu ni la mabasi ya mwendokasi. Tangu mabasi haya yaanze mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya Kariakoo na Morocco, kila tangazo la chumba lililo karibu nayo limeandikwa "dakika tano kituo cha mwendokasi", na bei ikapanda kwa maneno hayo. Kituo kuwa karibu ni nusu ya habari. Asubuhi anayepandia Kimara, gari linakoanzia, ana nafasi ya kupata kiti. Anayepandia vituo vya katikati kama Manzese au Magomeni hukuta limejaa na huenda akaliangalia likipita. Lakini wa Magomeni ana karata ambayo wa Kimara hana: mabasi yakigoma, Kariakoo anaifikia kwa miguu. Isipokuwa siku ya mvua kubwa, bonde la Jangwani likijaa maji na njia ya kwenda mjini ikifungwa: hapo hata yeye hukwama. Mtaa mzuri ni ule ambao usafiri ukikatika siku moja, maisha hayakatiki.

Hapo tumefika kwenye onyo ambalo lisiposemwa ushauri wangu wote unaweza kumwumiza mtu. Chumba cha bei ya chini sana katikati ya jiji kina sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni maji. Bonde la Msimbazi na mito midogo inayoingia humo, ukiwamo wa Ng'ombe unaopita Tandale, hufurika wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati mwingine wakati wa vuli. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu jijini. Nyumba ya bondeni hutangazwa Agosti, imepakwa rangi mpya. Usiangalie rangi, angalia kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali mbili tatu, soketi za umeme zilizowekwa juu isivyo kawaida, mstari wa kahawia kwenye ukuta wa choo cha nje, viroba vya mchanga nyuma ya nyumba ya jirani. Kisha muulize mtoto, kwani mtoto hasemi uongo kuhusu mvua. Vijana wa mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, wamechora pamoja na wakazi ramani za kata nyingi zinazofurika, zikionyesha mifereji na njia za maji, nazo ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti kwenye simu.

Na hata habari ya mafuriko yale inathibitisha ninachosema kuhusu miguu. Waathirika wa 2011 walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa upande wa kaskazini, ardhi kavu isiyofurika. Baadhi yao walirudi mabondeni. Walilaumiwa kwamba ni wakaidi. Mimi siwalaumu. Mama aliyekuwa akiuza vitumbua Kariakoo kwa kwenda kwa miguu alipewa kiwanja akanyang'anywa kazi, maana nauli ya kutoka kule ingemaliza faida ya vitumbua vyenyewe. Alichagua kati ya hatari ya siku chache za mvua na njaa ya kila siku. Mpango wowote wa makazi usiohesabu umbali wa kutembea utavunjwa na watu wenyewe, na watakuwa na sababu.

Basi mgeni afanyeje? Kwanza asilipe miezi sita kwa nyumba aliyoiona mara moja. Ikiwa ana ndugu, akae kwake wiki chache. Kama hana, achukue chumba kimoja kwenye nyumba ya kupanga, na wenye nyumba wanaopokea miezi mitatu, hata mwezi kwa mwezi, wapo wengi uswahilini kuliko kwenye nyumba mpya za geti. Kodi ya chumba hicho ni gharama ya kuujua mji. Kisha aende kwenye mtaa anaoutaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi na atembee kutoka getini mpaka kituoni, amebeba mzigo atakaoubeba kila siku. Arudi saa mbili usiku na atembee tena, safari hii kutoka kituoni. Jumapili haifai kabisa: jiji la Jumapili ni jiji lingine. Akiwa njiani ajiulize kama anaweza kupata genge, duka la dawa, zahanati, shule ya msingi, pa kusalia na pa kuchotea maji bila kupanda kitu chochote. Maji nayo yaonjwe, maana visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji ya kunywa yanayonunuliwa kwa dumu kila siku ni kodi nyingine.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji utaalamu. Nenda kijiwe cha bodaboda kituoni na uulize bei ya kufika nyumba ile: mchana, saa nne usiku, na mvua ikinyesha. Kama bei ni moja nyakati zote, njia ni fupi, ina taa na haina tope. Ikipanda maradufu usiku, muulize dereva kwa nini, atakuambia bila kuficha. Akisema mvua ikinyesha hapandi huko, umeshapata jibu. Baada ya hapo pita ofisi ya serikali ya mtaa kabla hujahamia, ukitafuta habari kwanza, barua ya utambulisho baadaye. Mjumbe anajua nyumba yenye kesi ya mirathi, nyumba yenye mita moja ya LUKU kwa wapangaji wanane na ugomvi kila wiki, na nyumba ambayo wapangaji hawamalizi miezi mitatu.

Lakini siwezi kuwaachia wapangaji mzigo wote huu. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji mdogo amebaki na makubaliano yake na mwenye nyumba. Sitetei serikali kupanga bei ya kila chumba; bei zikibanwa, wenye nyumba huacha kukarabati. Ninachodai ni ukomo wa kodi ya mbele: miezi mitatu, isizidi. Mtu aliyelipa miezi mitatu anaweza kurekebisha uamuzi wake. Aliyelipa kumi na miwili amefungwa, na mtaa mbaya hauna sababu ya kujirekebisha kwa kuwa wapangaji wake hawawezi kuondoka. Halmashauri nazo ziache kuhesabu barabara kwa kilomita za lami tu. Njia ya waenda kwa miguu yenye mfereji uliofunikwa, mti wa kivuli na taa inawahudumia watu wengi kuliko njia ya nne ya magari. Mradi wa uendelezaji wa jiji la Dar es Salaam (DMDP) ulipoingiza lami nyembamba, mifereji na taa ndani ya Tandale na Mwananyamala, ulionyesha kwamba mitaa ya watu wa kawaida inaweza kuboreshwa bila kuwafukuza wakazi wake wote. Hofu yangu ni kodi kupanda nyuma ya taa hizo, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka kazi hiyo ifanyike kata nyingi kwa pamoja, ili mtaa wenye taa usiwe bidhaa adimu.

Tujenge pia kwenda juu pale ambapo miguu inafika. Nyumba za ghorofa za Magomeni Kota, zilizozinduliwa Machi 2022, zimeweka kaya 644 kwenye ardhi ile ile iliyokuwa na nyumba za chini za zamani, umbali wa kutembea kutoka sokoni, hospitalini na kituoni. Serikali na mashirika yake bado yana viwanja vya namna hiyo ndani ya jiji, vingine vikiwa magofu ya ofisi na magari mabovu yaliyoota nyasi. Kabla hazijapimwa ekari nyingine za mikorosho huko pembezoni kwa ajili ya nyumba za watumishi, viwanja hivyo viorodheshwe hadharani, kata kwa kata, na vijengwe vyumba vidogo vya kupangisha, vyenye fremu chini na mlango unaofunguka mtaani.